Bi Hodi wa Vyoo vya Stendi

Jina lake hasa wengi hawakulijua, na waliowahi kulijua walikwisha kulisahau. Pale stendi ya mabasi alikuwa Bi Hodi, basi. Mwanamke wa makamo, mfupi, miguu imemvimba vifundoni kwa kusimama, akikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa vyoo vya umma, ndoo moja kulia, ndoo nyingine kushoto, na fagio limelazwa mapajani.

Jina lilimpata kwa sababu ya kubisha. Mtu akiingia chooni akakawia, Bi Hodi huinuka huku akiguna, akaenda kugonga mlango. "Hodi!" Aliyemo ndani alitakiwa kujibu, hata kwa kukohoa. Abiria wageni walishangaa. Wapo waliokasirika, wakauliza tangu lini mtu akapigiwa hodi akiwa katika haja zake. Na alikuwapo kondakta mmoja mcheshi aliyezoea kumjibu kwa sauti nzito ya mwenye nyumba, "Karibu mama, karibu sana, ila uje na kiti chako!" Watu waliosikia walivunjika mbavu. Siku za mwanzo Bi Hodi naye alicheka. Baadaye alitikisa kichwa tu na kurudi kitini, maana kwake yeye jibu lolote, hata la upuuzi, lilikuwa jibu. Kilichomtisha ni kimya. Kimya, na mkoromo.

Hakuwa hivyo tangu zamani. Alipoianza kazi ile, baada ya kufiwa na mumewe, alikuwa mfagiaji kama wafagiaji wengine. Mateja walikuja wakajifungia na unga wao wa kulevya, naye akawafukuza kwa ufagio na maneno makali. Kisha, msimu mmoja wa mvua, wakafa wawili mle ndani. Wa kwanza alikuwa mpiga debe ambaye stendi yote ilimjua kwa sauti yake. Wa pili alikuwa mgeni mwenye begi la safari, mfukoni ana tiketi ya basi lililokwisha kuondoka. Mlango ulivunjwa kwa nondo. Polisi wakaja, gari likaja, watu wakapiga picha kwa simu zao. Walipotawanyika, aliyebaki kuosha sakafu alikuwa yeye.

Ndipo akaja muuguzi kutoka kliniki ya waraibu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, akawaita watu wa stendi chini ya bati wanaposubiria abiria. Waliokwenda walikuwa wachache. Wengine walisema hawana muda wa kufundishwa kufufua wezi. Bi Hodi alisikiliza kwa sababu kiti chake kilikuwa papo hapo, na miguu ilimuuma mno hata asiweze kuhama. Akasikia kwamba unga ukizidi mwilini, mtu husahau kuvuta pumzi. Kwamba yule anayekoroma kwa kina na hashtuki ukimfinya, huyo hayuko usingizini, huyo anakwenda. Kwamba midomo na kucha zikianza kugeuka rangi, hapana tena kungoja mkubwa aje. Na kwamba ipo dawa ya kupuliza puani, inayomrudisha mtu ikiwahi, na pumzi za kumpulizia mdomoni wakati dawa inafanya kazi yake. Dawa yenyewe haidumu sana mwilini, kwa hiyo aliyezinduka asiachwe peke yake, apelekwe hospitali, la sivyo huweza kuzama tena.

"Nipe mbili," Bi Hodi alimwambia muuguzi mwishoni.

"Kwa nini mbili, mama?"

"Kwa sababu choo kina pande mbili."

Akaanza hapo. Alimbembeleza fundi seremala aikate milango kwa chini, kiasi cha mtu kuinama na kuona miguu, na makomeo yakabadilishwa yawe ya kufunguka kwa nje kwa ncha ya kisu. Msimamizi wa stendi alikuja juu kama moto wa kifuu.

"Bi Hodi, umenikatia milango?"

"Nimeikata chini, bosi. Juu iko vilevile."

"Na watu wakionekana?"

"Inaonekana miguu tu. Mwenye kuona haya kwa miguu yake avae soksi."

Msimamizi akaenda zake.

Kazi ile haikuwa na shukrani, na hilo ndilo lililomchosha kuliko ndoo. Anayezinduliwa hasemi asante. Huamka arosto ya kukosa unga imemshika, mwili mzima unamuuma, anatapika, anakutukana, anataka kujua nani kamharibia starehe yake. Bi Hodi alitukanwa matusi ambayo hakujua kama yapo. Alifuta matapishi, akamgeuza mtu ubavu, akakaa naye sakafuni mpaka gari lije au mwenzake amchukue, kisha akarudi kwenye ndoo zake. Jioni akifika nyumbani, hata kuvua viatu ilikuwa kazi.

Katika wote wale, mmoja ndiye aliyezoeana naye. Walimwita Dada Pasi, kwa kuwa nguo zake, hata zikiwa kuukuu, hazikukosa mkunjo wa pasi. Alikuwa akilala wapi na kupiga pasi wapi, hapana aliyejua. Bi Hodi alimzindua mara moja, asubuhi ya jua kali. Alipopata nguvu za kusema, Dada Pasi alimwambia, "Ungeniacha, Bi Hodi. Nilikuwa nimeshafika."

"Umefika wapi?"

Yule mwanamke alifikiri. "Sijui. Palikuwa kimya."

"Kimya kipo kingi, mwanangu. Hakina haraka."

Tangu siku hiyo Dada Pasi hakuingia chooni bila kuaga. Alisimama mbele ya kiti, akajinyoosha sketi, akasema, "Bi Hodi, naingia. Unipigie hodi." Bi Hodi alimjibu haya, na moyoni hakupenda kuagwa namna hiyo. Alijaribu kumpeleka kwa muuguzi, apewe dawa ya kunywa kila asubuhi inayotuliza arosto. Dada Pasi alisema kesho. Kesho yake ilikuwa ndefu.

Sasa, kikulacho ki nguoni mwako. Nyumbani kwa Bi Hodi walikuwa watu watatu. Yeye, mama mkwe wake, na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mama mkwe alikuwa mzee wa masikio mazito na ulimi mwepesi. Kwa kuwa hakujisikia akisema, aliongea kwa kupaza sauti, na siri za nyumba ile zingejulikana mtaa mzima kama si kwamba siri kubwa kuliko zote aliamua kutoitamka kabisa. Shemeji alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mkono mwepesi, na walimwita Cheche kwa ajili ya kazi yake. Unga ulimwingia kidogo kidogo. Mageti yakapungua, kisha mashine ya kuchomelea ikauzwa, kisha redio ya mama ikatafutwa isionekane. Mama akasema mwanawe ana homa isiyokwisha. Majirani wakaitikia, pole mama, huku wakiingiza nguo zao ndani zikiwa hazijakauka.

Bi Hodi alisema naye mara nyingi. Cheche hakuwa mkaidi, ndilo lililouma. "Kweli shemeji," alisema kila mara, ameinamisha kichwa. "Kweli kabisa." Mwishowe akakubali kwenda kukaa kwenye nyumba ya kuachia unga, nje ya mji, akakaa huko miezi. Aliporudi alikuwa ametoka mashavu. Shati lilimbana. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayechagua tikiti sokoni, akapaza sauti: "Mwanangu amepona!" Na mtaa wote ukasikia.

Bi Hodi alifurahi, na furaha yake ilikuwa na mwiba. Muuguzi alikwisha kumwambia kwamba teja aliyeacha muda mrefu ndiye wa kuogopewa zaidi. Mwili umesahau. Akirudia kipimo chake cha zamani, hata siku moja tu, kinamuua. Basi alipopata nafasi, siku Cheche ametoka kwenda kuulizia kibarua, alikaa karibu na mama aliyekuwa akichagua mchele uani, akamwekea ile dawa, chupa mbili, juu ya ungo.

"Mama, hii ikae hapa ndani. Cheche akilala akakoroma vibaya, usiseme amechoka. Unamfinya. Asipoamka, unampulizia puani, halafu unampa pumzi, hivi..."

Mama aliitazama ile dawa kama mtu aliyewekewa panya kwenye mchele wake.

"Unamtabiria mwanangu kifo?"

"Simtabirii, mama. Mficha maradhi..."

"Usinimalizie methali! Hiyo nimekufundisha mimi!" Akaitupa dawa pembeni. "Mmoja nimeshazika. Na wewe ndiye uliyekuwa mkewe. Leo unaniletea sanda ya wa pili kwenye ungo?"

Maneno hayo yalimchoma Bi Hodi. Angeweza kujibu kwamba mumewe aliuawa na ajali ya lori na si na mkewe. Lakini alikuwa ameosha vyoo tangu alfajiri, na mgongo haukuwa na nafasi ya ugomvi. Aliziokota zile dawa mbili, akaziweka juu ya kabati la vyombo. "Nimeziweka hapa, mama. Sijasema neno." Akaenda kulala na nguo zake za kazi.

Jioni zilizofuata aliendelea kusema, bila kumwelekea mtu. Akiosha sahani, alisema kichwa kinainuliwa hivi. Akifagia, alisema pua inabanwa wakati wa kupuliza mdomoni. Mama alimpa kisogo na kudai hasikii. Kutosikia kulikuwa haki yake, hakuna aliyeweza kumbishia.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mabasi ya mchana yalikuwa yakijaza abiria, foleni ya wanawake imefika mpaka kwa muuza maji, na bomba limekata. Simu ya Bi Hodi ikalia kwenye mfuko wa aproni. Mama hakuwa na kawaida ya kupiga simu. Aliiogopa.

"Anakoroma!" Sauti ilisikika hata kwa wale wa kwenye foleni. "Unanisikia? Anakoroma, na midomo siipendi!"

"Mfinye, mama! Mfinye sikio!"

"Nimemfinya! Nimempiga makofi! Hashtuki!"

"Juu ya kabati la vyombo, mama. Chukua dawa. Umlaze chali, uinue kidevu..."

"Usinipigie kelele! Najua! Umekuwa ukiimba nyimbo hizo kila siku, unadhani mimi kiziwi?"

Kisha simu ikaanguka, ikabaki mivumo na sauti ya kiti kinachoburutwa. Bi Hodi aliita, akaita. Akampigia jirani yao, fundi viatu wa mtaa wa pili, akamwambia akimbie nyumbani kwake na aite gari la wagonjwa. Halafu akamgeukia Mzee Sabuni.

Mzee Sabuni aliuza sabuni na karatasi za chooni kwenye meza pembeni yake. Walikaa jirani miaka, wakagombana miaka, hasa juu ya mateja, ambao Mzee Sabuni hakutaka hata kivuli chao kipite juu ya meza yake. "Nikalie hapa," Bi Hodi alimwambia. "Nyumbani kumeharibika." Akarukia pikipiki ya kwanza aliyoiona, na sketi yake ya kazi yenye maji.

Alipofika alimkuta Cheche amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anatetemeka, kifua chote matapishi, hai. Fundi viatu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kiatu cha mteja bila kujua. Mama alikuwa amepiga magoti, kilemba kimemdondoka, anahema kama aliyepandishwa kilima.

"Ya kwanza niliipulizia mdomoni," alisema, na kwa mara ya kwanza Bi Hodi alimsikia akinong'ona. "Nikakumbuka umesema pua. Nikachukua ya pili."

"Na pumzi?"

"Nilimpa. Ni mwanangu, nilimpa zote."

Cheche alijaribu kusema samahani, meno yakagongana. Gari lilikuja, akapelekwa hospitali akaangaliwe, mama akiwa pembeni yake ameshika shati lake kama anayeogopa litaibwa. Bi Hodi aliwaona wametulia, akaagana nao, akarudi kazini. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa ameacha foleni, na bomba limekata.

Stendi ilikuwa kimya kuliko alivyoiacha. Foleni haikuwapo. Watu walikuwa wamesimama kwa duara mbele ya vyoo, na Mzee Sabuni amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, mikono magotini, hatazami mtu.

"Alikuulizia," alisema mzee, Bi Hodi alipomfikia. "Akaniuliza Bi Hodi yuko wapi. Nikamwambia anarudi sasa hivi. Akaingia."

Bi Hodi hakuuliza ni nani. Kupitia chini ya mlango alikuwa ameshaona viatu, na pindo la sketi lenye mkunjo wa pasi. Alifungua komeo kwa ncha ya kisu, akamgusa Dada Pasi shingoni, akakuta amekwisha kupoa.

"Ni upande wa wanawake," Mzee Sabuni alimwambia alipotoka. "Mimi mwanamume. Ningebishaje mlango wa wanawake? Nilisema ngoja arudi mwenyewe. Ngoja arudi."

Hasira ilimpanda Bi Hodi, ikatafuta mahali pa kushukia. Alimtazama yule mzee, akaona kwamba hakumwambia zaidi ya "nikalie hapa." Hakumwambia abishe, wala hakumwambia dawa iko wapi. Zile mbili za stendi zilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake, zimekwenda nyumbani na kurudi bila kutumika. Hasira ikashuka, ikawa uchovu. Akamwekea Mzee Sabuni mkono begani.

Polisi walikuja, gari likaja. Walipoondoka Bi Hodi alijaza ndoo kwa maji ya kununua, akaosha sakafu. Mzee Sabuni alichukua ufagio wa pili bila kuombwa. Waliosha pamoja.

Ndugu wa Dada Pasi hawakupatikana. Muuguzi alihangaika, jina lake la kweli likajulikana hospitali, lakini hapakutokea mtu wa kulidai. Watu wa stendi wakamzika wao. Asubuhi ya maziko Bi Hodi alitoka chumbani, akamkuta mama mkwe amekwisha kuvaa, fimbo mkononi.

"Mama, wewe humjui huyu."

"Simjui," mama alikubali. "Mama yake yuko wapi?"

"Hatumjui."

"Basi twende. Kaburini asikosekane mama."

Pale makaburini alisimama muda mrefu kuliko wote, na waliporudi, karibu na mlango wa nyumba, alisema kwa ile sauti yake ya mtaa mzima, bila kujali nani anasikia, "Zile dawa za mwanangu zimekwisha. Uniletee nyingine." Jirani mmoja aliyekuwa akianika nguo alisimama na shuka mkononi. Mama akamwambia, "Na wewe uchukue. Mtoto wako naye nimemwona."

Muuguzi aliwaita tena watu chini ya bati. Safari hii walijaa. Alikuwapo msimamizi wa stendi, alikuwapo yule kondakta mcheshi, hana utani siku hiyo. Mzee Sabuni alikaa mbele kabisa, akauliza maswali mengi mpaka wenzake wakachoka. Mwanamume akibisha upande wa wanawake, aseme nini? Akinyamaziwa, aingie au aite mwanamke? "Ita na uingie," Bi Hodi alimjibu. "Aibu utaiona baadaye, ukipata nafasi." Mama mkwe alikuwa ameletwa, naye katikati ya maelezo ya muuguzi akainuka na fimbo yake. "Puani!" alipaza sauti. "Si mdomoni! Mimi nilianza mdomoni, nusura nimpoteze!" Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika, maana wengi ndipo walipojua habari za Cheche.

Mambo hayakunyooka yote. Cheche alianza kunywa ile dawa ya asubuhi kwa muuguzi, anakwenda kwa miguu na kurudi, siku nyingine anateleza na kurudi na macho yasiyotazama mtu. Msimamizi amebadilishwa, wa sasa hapendi mazungumzo ya mateja. Muuguzi naye huishiwa dawa, akaahidi wiki ijayo. Ila kidole kimoja hakivunji chawa, na sasa vidole vimeongezeka. Wakala wa tiketi anayo dawa, muuza maji anayo, kondakta anayo ndani ya basi. Upande wa wanaume, anayebisha ni Mzee Sabuni, na huwabishia hata wale walioingia kunawa tu.

Jumatatu moja Mzee Sabuni akamwambia Bi Hodi asije kesho, apumzike. Bi Hodi alidhani anatania. Tangu afiwe na mumewe hakuwahi kukaa nyumbani siku ya kazi. Lakini Jumanne asubuhi miguu yenyewe ilikataa kushuka kitandani, naye hakubishana nayo. Aliipandisha juu ya mto. Uani mama alikuwa akimgombeza Cheche kwamba anachelewa kliniki, na Cheche akijibu kwamba anavaa viatu, mama, si anavaa viatu. Lango likalia. Simu yake ilikuwa dirishani, kimya. Akaitazama kidogo, akavuta shuka, akalala tena mpaka jua likawa utosini.